Kiti cha Kukisia

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya msimu imeanza leo tukiwa mstarini. Mwalimu wa Kiswahili ametuambia kila mmoja aandike shajara muhula huu wote. Hatazisoma, amesema, ila tukiandika uongo tutajijua wenyewe. "Anza na ulichoona, ndipo uandike ulivyojisikia." Nitajaribu.

Nilichoona: Mjomba amemaliza kiti cha Bibi.

Nyumbani tuko wanne: Bibi, Mama, Mjomba na mimi. Karakana iko upande wa mbele wa nyumba. Mjomba hutengeneza viti, na Bibi, ambaye ni mama yao, amekuwa akisuka vikalio vyake kwa henzirani, zile nyuzi ngumu za mmea kama mwanzi, tangu kabla Mama hajazaliwa. Alikuwa akikaa kwenye kigoda kifupi, fremu ya kiti iko katikati ya magoti, na alipoinama, aliinama kutoka nyongani, mgongo umenyooka kama ubao. Tangu mwaka jana kigoda kimemshinda. Anasema nyonga zimegoma kazi. Ndipo Mjomba akaamua kumtengenezea kiti cha kupumzikia, na kwa miezi alikifanyia kazi kila alipomaliza oda za watu.

Ni kiti kikubwa. Kikalio ni kirefu kwenda nyuma, egemeo limelala, kina sponji nene pande zote, na mbao zake nyekundu zimesuguliwa hadi unajiona sura. Majirani walikuja kukitazama.

"Mama, keti," Mjomba alisema.

Bibi akaketi, akazama, ikabaki shingo. "Haya, mwenye shida aingie mmoja mmoja," akasema. "Ofisi ya waziri imefunguliwa."

Tulicheka sana. Nilivyojisikia: nilimwonea Mjomba fahari.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Jaribio la hesabu lilikuwa zuri. Bibi yuko kitini.

Ijumaa, 14 Machi

Henzirani hupenda hali hii ya hewa. Bibi anasema wakati wa mvua hailowekwi sana, inalainika yenyewe. Lakini hasuki. Fremu za Mjomba zinapangwa ukutani bila vikalio, na wateja wanaambiwa wasubiri. Nilimpelekea Bibi fremu ndogo pale kitini. Alijaribu kuinama akaifikia kwa ncha za vidole tu. Mgongo ulipinda juu, huko chini hakuna kilichosogea.

"Mwenzangu, irudishe," akaniambia. Huniita mwenzangu kwa sababu anasema sote wawili tuliolewa na Babu, yeye akamchukua akiwa kijana na mimi nikaachiwa picha.

Alhamisi, 27 Machi

Nimegundua jambo. Nikirudi shule mapema namkuta Bibi kaketi ukingoni mwa kitanda. Sauti ya Mjomba ikisikika nje, ananiita: "Nisogeze kitini, haraka." Mjomba anaingia, anamkuta katulia pale kama picha ya ukutani.

"Kiti kinakufaa, Mama?"

"Kizuri, baba. Mungu akubariki."

Leo nilimuuliza kwa nini anahama. Akasema, "Mambo ya wake wenza hayasemwi mbele ya watoto." Mtoto ni nani hapo, sikuelewa.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Bibi hawezi tena kuinuka kitini bila kushikwa mikono miwili. Mama humwinua kabla ya kwenda kazini kwenye kiwanda cha mikate, Mjomba mchana, mimi jioni.

Jumanne, 8 Aprili

Leo nitaandika mengi, maana sijui nitamwambia nani mengine.

Nilirudi shule nimelowa. Karakana ilikuwa imefungwa. Mjomba alikuwa amekwenda kununua mbao. Niliita hodi, sikujibiwa. Nilipoingia nilimwona Bibi sakafuni mbele ya kiti, mgongo kwenye ukingo wa kikalio, miguu imenyooshwa mbele yake kama ya mwanasesere.

"Bibi!"

"Usipige kelele. Sijafa, nimeshuka tu."

Alikuwa amejaribu kuinuka mwenyewe. Alijisukuma kwa mikono, lakini kile kiti kinakulaza nyuma. Kadiri unavyojisukuma ndivyo makalio yanavyoteleza mbele huku mgongo ukibaki nyuma. Akateleza mpaka chini. Sijui alikaa hapo muda gani. Chai iliyokuwa mezani ilikuwa imepoa na imefanya utando.

Nilimshika kwapani nikavuta. Bibi ni mdogo, lakini sikuweza kumsogeza. Nilikimbia kwa jirani, mama mshonaji, akaja na mikono yenye chaki. Tukamwinua wawili tukamlaza kitandani. Jirani aliposhika nguo ya Bibi aliona imelowa, na si kwa mvua. Alinigusa bega akaondoka, na ninamshukuru kwa kuondoka kwake zaidi hata ya kuja kwake.

Nilimbadilisha Bibi nguo. Alitazama dari muda wote.

"Mjomba wako asijue," akasema.

"Atauliza, Bibi. Mkono wako umechubuka."

"Mwambie nimeteleza. Sakafu ilikuwa na maji, wewe ulivyoingia na mvua yako."

"Lakini si kweli."

Akageuza uso akanitazama. "Mtoto wangu amekaa na ule ubao miezi, anaupapasa kama shavu la mchumba. Unataka nimwambie nini? Kwamba umenimwaga?"

Mjomba aliporudi aliuliza. Nilisema sakafu ilikuwa na maji. Akachukua tambara akafuta sakafu yote, chumba kizima, akiwa amepiga magoti, na mimi nimesimama pale nikimtazama akifuta maji ambayo hayakuwepo.

Nilivyojisikia siwezi kuandika.

Jumatano, 9 Aprili

Mama Mkubwa amepiga simu. Ni dada yao mkubwa, na anaishi mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi, ghorofa ya tatu. Mama aliweka simu mezani tukasikia wote.

"Nimeambiwa Mama ameanguka. Nani alikuwa naye?"

Mama akamtazama Mjomba.

"Basi shule zikifungwa nakuja kumchukua. Kwangu kuna watu mchana kutwa."

"Mama hajashindwa, dada," Mjomba akasema.

"Anaweza kuinuka kitini peke yake? Nauliza tu."

Mjomba akatazama penseli yake.

"Mimi si mtu mbaya. Nikija nikakuta anainuka mwenyewe, nitanyamaza. Asipoweza, naondoka naye, na msinilaumu."

Bibi alikuwa chumbani mlango wazi. Hakuna aliyemuuliza yeye anataka nini. Nilipompelekea maji alisema, "Ghorofa ya tatu. Nikipanda huko, nitashuka nimebebwa." Kisha akaomba sukari kwenye maji, kana kwamba tulikuwa tunazungumzia sukari.

Namchukia Mama Mkubwa. Nimeandika hivyo, na sifuti.

Jumatano, 16 Aprili

Hatukwenda shule, barabara ya huko imejaa maji. Lakini tulikwenda hospitali, mimi na Mama na Bibi, kwa mtaalamu wa viungo. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, mikono ya shati imekunjwa juu ya viwiko. Bibi keshampa jina: Mwanajeshi.

"Shikamoo, bibi. Keti hapa." Ilikuwa benchi ngumu ya mbao. Akamshika pande mbili za kiuno. "Sasa uviringishe mfupa wa nyonga uje mbele, tumbo litoke. Usitumie mabega."

Mabega ya Bibi yalikwenda mbele. Kidevu kilikwenda mbele.

"Umesogeza kila kitu isipokuwa nilichoomba."

"Hicho hakinisikii siku hizi," Bibi akasema. "Kimekuwa kama baba yao, naongea nacho kinatazama ukutani."

Mtaalamu alicheka, kisha akaniita. Aliniambia nikalie viganja vyangu. Chini ya kila upande nilisikia mfupa mmoja, kama kitako cha kikombe. Akaniambia niviringishe nyonga mbele, kisha nyuma, na mifupa ile ikabingirika juu ya viganja vyangu, mbele na nyuma, bila shida. Sikuwahi kujua kwamba mtu akikaa, kumbe bado ndani yake kuna kitu kinachotembea.

"Sasa weka viganja chini ya bibi yako."

Mama aligeuka akatazama dirishani. Niliingiza mikono. Mifupa ya Bibi ilikaa juu ya viganja vyangu, mikali, haina nyama. Mtaalamu akahesabu, Bibi akajaribu. Nilisubiri. Kwenda nyuma ilisogea kidogo. Kwenda mbele, nilisikia tu Bibi akikaza pumzi.

Alitueleza polepole, na nimeyakariri. Umri hukaza viungo vya nyonga na sehemu ya chini ya mgongo. Misuli ya nyuma ya mapaja hufupika, ya makalio huchoka. Hivyo mzee akikaa, mfupa wa nyonga hulala nyuma ukabaki huko, na akitaka kuinama mbele anapinda mgongo badala ya nyonga. Na mtu hawezi kusimama kama nyonga hazijatangulia mbele, kwa sababu uzito wake unakuwa bado uko nyuma ya miguu yake.

"Umri hauchukui mwendo wote," akasema. "Unapunguza. Kinachomalizia ni kukaa vibaya. Nyumbani anakalia nini?"

"Kiti kizuri sana," Mama akasema haraka. "Ndugu yangu ni seremala."

"Akikaa, magoti yako juu ya nyonga au chini?"

Mama alifikiri. "Juu kidogo."

"Nyayo zinagusa sakafu?"

"Vidole," nikasema mimi.

"Basi hata akifanya mazoezi ya kumpeleka mbele, kiti kinamrudisha nyuma kutwa nzima."

Mama aliuliza kama Bibi ataweza kuinuka mwenyewe tena. Mtaalamu hakujibu upesi, na kwa hilo nilimwamini. Akasema huenda, akikaa vizuri na akijizoeza kila siku. Kigodani hatarudi.

Bibi alisikia hilo la kigoda. Alitazama mikono yake, akaifunga.

Njiani Mama alinishika mkono. "Ya kiti usimwambie mjomba wako. Mimi nitatafuta namna."

Jumamosi, 19 Aprili

Mama hajatafuta namna. Kila Mjomba akiingia, anaanza kuosha vyombo.

Leo nilikuwa karakana nikifagia maranda. Alikuja mteja, dereva mstaafu wa malori, mzee mnene mcheshi, anataka kiti cha barazani. Mjomba akamkalisha kwenye benchi.

"Visigino chini, baba. Usijinyooshe, kaa kama unavyokaa kwako."

Akampima nyuma ya goti hadi kisigino, na kutoka mgongoni hadi nyuma ya goti. Akampima upana.

"Hapo usiandike," mzee akasema, "mke wangu atasema nimempita." Wakacheka, Mjomba akaandika kwenye kibao kwa penseli ya sikioni.

Nilisimama na ufagio. Tangu nizaliwe nimemwona Mjomba akipima watu. Hajawahi kutengeneza kiti cha mtu bila kumkalisha kwenye ile benchi. Mzee alipoondoka niliuliza, na naapa niliuliza kama mtu anayetaka kujua tu:

"Mjomba, Bibi ulimpimaje?"

Alikuwa akiweka tepu mfukoni. "Sikumpima."

"Kwa nini?"

"Mama yangu nitampimaje makalio?" Alilisema lile neno kwa sauti ndogo. "Mtoto wa kiume, nimshike mama yangu kiunoni na tepu? Nilimkisia kwa macho. Nikachukua kiti cha marehemu baba, nikaongeza kidogo."

"Uliongeza kwa nini?"

"Kwa heshima."

Mvua ilikuwa ikipiga bati hata tulilazimika kuinua sauti, na si jambo la kusema kwa sauti kubwa. Lakini nilisema. Nilisema magoti ya Bibi yako juu ya nyonga, nyayo hazifiki chini, na kwamba mtaalamu ameeleza kiti kinavyomrudisha nyuma. Nikasema siku ile sakafu haikuwa na maji.

Mjomba hakunitazama. Alichukua randa akaanza kuusugua ubao uliokuwa umeshanyooka. Maranda yakaanguka mahali nilipokwisha kufagia. Nikafagia tena. Akasugua tena.

Jumatatu, 21 Aprili

Nilimwamkia Mjomba. Hakuitika.

Jumanne, 22 Aprili

Vilevile. Mama ananitazama kama mtu aliyevunja sahani ya wageni.

Alhamisi, 24 Aprili

Bibi ameniuliza, "Umemwambia?" Nikasema ndiyo. Nilidhani atakasirika. Lakini akasema, "Yeye akiwa mdogo, nikimpiga, hakuwa analia. Alikuwa anakwenda kupanga kuni." Usiku na mchana tunasikia karakana ikipangwa.

Jumamosi, 26 Aprili

Asubuhi Mjomba alisimama mlangoni kwangu, macho yake kwenye kitasa.

"Tepu iko juu ya benchi," akasema. "Mjukuu hana haya na bibi yake."

Ilikuwa hivi. Mimi na Mama tulimkalisha Bibi kwenye benchi ngumu chumbani na kufunga mlango. Mjomba alibaki nje ya mlango na kibao na penseli. Mimi napima, natamka kwa sauti, yeye anaandika.

"Goti hadi kisigino!" akauliza kutoka nje. Nikamwambia.

"Mgongo hadi nyuma ya goti!" Nikamwambia. Tulisikia penseli ikigonga kibao. Baadaye akasema, "Mbona ni mfupi hivyo?"

"Ndivyo ulivyo, Mjomba."

"Pima tena."

Nikapima tena. Ndivyo ulivyokuwa. Nadhani ndipo alipojua amemtengenezea kiti mama anayemkumbuka toka utotoni, yule aliyeonekana mkubwa alipomtazama kutoka chini.

"Na... ule upana," akasema.

"Upana wa nini?" Bibi akapaza sauti.

"Ule wa... wa kukalia."

"Makalio! Sema makalio! Ulipita humo humo ukija duniani, leo unaona haya?"

Mama alicheka mpaka akaketi sakafuni. Nje tulisikia kitu kama kikohozi, halafu tukajua Mjomba naye anacheka, halafu hatukuwa na uhakika kama bado ni kicheko. Nikatamka kipimo. Akaandika.

Jumamosi, 3 Mei

Nilidhani atatengeneza kiti kingine. Mama pia alimshauri hivyo, hiki kibaki sebuleni kwa wageni. Mjomba akasema, "Kosa liko kwenye hiki." Akakilaza ubavuni akachukua msumeno.

Nilimshikia mguu wa kiti. Msumeno ulipogusa ile mbao nyekundu alisita kidogo, kisha akakata. Amepunguza miguu ya mbele ili kikalio kisilale nyuma, ameng'oa egemeo akalisogeza karibu na kulisimamisha, na sponji zote amezitupa kwenye kona ambako paka amezipokea kwa furaha. Mikono ya kiti ameirefusha ije mbele, mahali pa kushika.

Sasa ni kiti kifupi cha kawaida. Hakuna jirani atakayekuja kukitazama.

Jumapili, 4 Mei

Kikalio kinatakiwa kisukwe kwa henzirani iliyokazwa, kisizame. Msukaji wa nyumba hii hawezi kuinama. Nimesuka mimi. Bibi alielekeza akiwa kitandani, mito mgongoni.

"Vuta. Vuta zaidi. Unaibembeleza?"

"Vidole vinauma, Bibi."

"Vya kwangu viliuma miaka yote, viti vikauzwa. Vuta."

Mstari wa tatu ulikwenda upande. Alinifumulisha wote.

Ijumaa, 9 Mei

Kikalio kimekwisha. Kimekauka na kinalia ukikigonga. Bibi amekikalia. Nyayo zote mbili ziko sakafuni. Hakusema kizuri wala kibaya. Alisogeza vidole vya miguu, kama mtu aliyerudi mahali.

Jumatatu, 12 Mei

Mazoezi, asubuhi na jioni. Naweka viganja chini yake na kumwambia ninaposikia mfupa ukisogea. Leo hapana.

Jumanne, 13 Mei

Hapana.

Alhamisi, 15 Mei

Hapana. Mvua inapungua. Bibi amesema Mwanajeshi aje akae yeye.

Jumamosi, 17 Mei

Mama Mkubwa alipiga simu, Mama hayuko, nikapokea. Nilitaka kumjibu kwa mkato. Akaniuliza Bibi anakula nini, analala upande gani, kama anaomba kufunikwa miguu. Kisha akasema, "Babu yako alipoanguka mimi nilikuwa mbali. Nilifika wameshamaliza kila kitu. Nilikuta viatu vyake mlangoni." Halafu akauliza, "Unanisikia?"

Nilisema nasikia. Nilirudi nyuma kwenye kurasa hizi nikasoma nilichoandika juu yake tarehe tisa Aprili. Nilisema sitafuta, na sijafuta, lakini leo nisingeandika vile.

Jumanne, 20 Mei

Umesogea! Kidogo sana, upande wa kulia kwanza. Nilipiga ukelele, Bibi akasema nimemshtua na mfupa umerudi.

Jumamosi, 24 Mei

Anaweza kuinuka nusu. Makalio yanaachana na henzirani, anatetemeka, anarudi. Mjomba hupita mlangoni kila mara akitafuta vitu ambavyo haviko chumbani.

Jumatano, 28 Mei

Jana aliinuka mara moja, akisaidiwa kidogo na Mama. Leo hata nusu hakufika. Analala akiwa amechoka. Nimemuuliza kama anataka kweli, au sisi ndio tunataka.

"Nataka kufia chini," akasema, "karibu na mlango, nikisikia msumeno." Kisha akaniambia nisiweke uso huo, si leo.

Ijumaa, 30 Mei

Shule zimefungwa. Nimekuwa wa pili darasani. Mama Mkubwa yuko njiani, atalala njiani na kufika kesho.

Jumamosi, 31 Mei

Alifika saa nne asubuhi, akiwa na begi kubwa ambalo halikuwa na kitu ndani, la kubebea nguo za Bibi. Mvua ya rasharasha ilikuwa imeanza tena. Nilimwamkia, akanivuta akanibusu kichwani. Amezeeka kuliko sauti yake.

"Hiki ndicho kiti mlichokuwa mnakisifu?" akasema. "Mbona kama cha darasani?"

Tulikunywa chai. Tuliongea juu ya basi, juu ya barabara, juu ya paka. Mama alimimina chai kwenye kikombe kilichojaa.

Bibi ndiye aliyesema. "Wewe umekuja kunitazama, siyo? Basi nitazame."

Akavuta miguu nyuma, chini ya magoti. Akajisogeza hadi ukingoni. Akashika mikono ya kiti. Niliona mabega yakitangulia na nikajua, kabla hajajaribu, kwamba haitawezekana. Alipanda kidogo, akarudi kwa kishindo. Henzirani ikalia.

Mama Mkubwa alikuwa ameshainua mkono kumshika.

"Dada," Mjomba akasema, "mwache."

Sijawahi kumsikia akimwambia dada yake neno hilo. Mama Mkubwa akashusha mkono.

Bibi alipumzika. Kila mmoja alitazama pengine: Mama vikombe, Mjomba sakafu. Mimi nilitazama kiuno cha Bibi, kwa sababu nilijua kila kitu kitaanzia pale. Akavuta pumzi. Mabega yakatulia. Na chini yake, polepole, kama mlango uliovimba kwa mvua unavyokubali kusogea, nyonga zikaja mbele. Pua ikapita magoti, ikafika juu ya vidole vya miguu. Makalio yakaachana na kiti. Mikono ikatetemeka, ikasukuma, ikaachia.

Bibi alisimama. Amepinda, mkono mmoja mezani, lakini alisimama. Hakuna aliyepiga makofi. Alikwenda hadi mlangoni hatua moja moja, akatazama mvua, akatazama karakana, akarudi akaketi.

Mama Mkubwa alijifuta macho kwa kiganja. "Sawa," akasema. "Nilisema nitanyamaza." Baadaye kidogo akaongeza, "Begi mtabaki nalo. Silibebi tupu mara mbili."

Mjomba alitoka kwenda karakana, na hatukumfuata.

Tulikaa. Mama aliita kutoka jikoni kwamba chakula kiko tayari, na Mama Mkubwa, aliyekuwa amekalia kochi letu la zamani, akataka kwenda kumsaidia. Alijisukuma kwa mikono. Hakuinuka. Akajisukuma tena, akasema, "Ee Mungu, safari hii," akajaribu mara ya tatu. Mgongo wake ulipinda mbele wote, na nyonga zilibaki nyuma zimelala kochini.

Nilidhani nimeona peke yangu. Nikamtazama Bibi, na yeye alikuwa ameona. Hakucheka wala hakufanya utani wowote. Alimtazama Mama Mkubwa kama mama anavyomtazama mtoto aliyemgusa paji la uso akakuta lina joto.

"Rudi ukae," akamwambia taratibu. "Vuta miguu nyuma kwanza, mwanangu. Usitangulize mabega."

Na Mama Mkubwa, mwenye wajukuu zake, akavuta miguu nyuma.